Kamshafti ya Kumwita Magreth

Jumapili, 1 Desemba 1996

Nimetukanwa. Tena uwanja wa kanisa. Tena Jumapili ya kwanza ya Majilio!

Baada ya ibada kule Mwika kulikuwa na mnada wa sadaka kama kawaida. Ndizi, maboga, jogoo mmoja mwenye dharau. Nilimpandia dau jogoo ili Mzee Yoramu anione. Mzee Yoramu ni mzee wa kanisa, mwenye kahawa, ng'ombe mmoja wa maziwa, na binti mmoja, Magreth, muuguzi wa zahanati. Nataka kumuoa. Magreth anajua. Baba yake hajaambiwa.

Jogoo nikampata. Nikampakia kwenye Korola yangu, nikawasha, nikaondoka taratibu kwa heshima. Kuku wa mchungaji walikuwa wanadonoa katikati ya njia. Hawakuondoka. Hata mmoja hakuinua kichwa. Ikabidi nishuke niwafukuze kwa mkono, na suti yangu.

Mzee Yoramu akasema mbele ya wazee wote: "Elifuraha, kagari kako hata kuku hawakasikii. Mwanaume akija kwangu, nataka nimsikie tangu darajani."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Magreth naye alicheka, ila yeye alicheka kwa upendo. Niliangalia vizuri.

Nimelitafakari neno lile njia nzima mpaka nyumbani Pasua. Akija kwangu! Kuja kwake kufanya nini, kama si posa? Mzee ametoa sharti. Hakulitoa kwa Godwin, yule kijana wa kule kule Mwika anayekaa Dar, mwenye mashati ya kola ngumu. Amelitoa kwangu mimi. Nimeula!

Jogoo amenidonoa kidole.

Jumanne, 3 Desemba

Nimekwenda Majengo kwa Basili, fundi aliyewahi kutengeneza magari ya mashindano. Nikamwambia nataka gari lisikike. Akauliza sailensa yake ikoje. Nikamwambia sailensa siitaki kabisa, aing'oe, ndiyo inayoniponza. Akaweka spana chini akaniangalia kama mtu aliyeletewa mgonjwa.

Kumbe kwa mafundi sailensa ni pale gari limewaka limesimama, hujakanyaga mafuta. Kwa nini waliita hivyo hakuna anayejua. Nimeandika hapa nisisahau.

Basili akasema anayetaka sauti ya kweli hatoboi ekzosi kama vijana wa stendi. Anabadilisha kamshafti. Ni chuma kirefu ndani ya injini, kina nundu nundu. Nundu ikipita inafungua valvu, petroli inaingia, moshi unatoka. Nundu zikiwa za kistaarabu, injini inapumua kistaarabu. Zikiwa kubwa, valvu zinakaa wazi muda mrefu, na gari likisimama linakohoa na kuunguruma kama lina ugomvi na mtu.

Nikasema hiyo hiyo.

Alikuwa nazo tatu, zimening'inia kwenye misumari. Ya kwanza anaiita ya padri. Ya pili ya mwalimu. Ya tatu hakuiita jina. Alikuwa ameigeuzia ukutani.

Akaanza maswali. Napanda mlima mara ngapi? Nabeba watu wangapi? Akasema ya tatu haina nguvu chini, ni mpaka injini ikolee. Kupanda polepole haitaki. Na breki zitakuwa ngumu, nitakanyaga kwa miguu miwili. Maneno mengi! Mimi nilikuwa na swali moja tu. Nilimuuliza: "Inayosikika vibaya zaidi ni ipi?"

Basili akaonyesha ukutani kwa kidole.

Nimemlipa kwa mapazia. Ndiyo biashara yangu, mapazia ya mitumba. Madirisha sita, rangi ya damu ya mzee, yenye maua. Mke wake ataniombea.

Jumamosi, 7 Desemba

Siku kuu ya maisha yangu.

Basili alifunga boneti, akajifuta mikono, akaenda kusimama nyuma ya mti. Nikawasha. Gu-du. Gu-du. Gudu-gu-du. Gari zima linatikisika, vioo vinacheza, kiti kinanikanda mgongo. Nikasikiliza vizuri na machozi yakanitoka. Linasema Mag-reth. Mag-reth. Neno kwa neno!

Nikamwita Basili aje asikie jina la mchumba wangu. Alisikiliza akasema yeye anasikia nizime, nizime.

Nimelipeleka nyumbani. Glasi za Mama Dominika, mwenye nyumba wangu, zilitembea kabatini mpaka ukingoni. Yeye alisema linasema hama, hama. Watu hawana sikio la muziki.

Kuku wa Pasua nzima wamehamia upande wa pili wa mtaro. Nimewahesabu.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimekwenda kulijaribu Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga. Njia tambarare, imenyooka, haina mtu. Nikakanyaga. Mwanzoni gari lilisitasita kama mwali. Halafu likakolea. Jamani! Lilipiga mayowe, mimi nikapiga mayowe, tukaenda pamoja. Kofia ilitoka dirishani. Sikurudi kuitafuta. Nina miaka thelathini na sita na sijawahi kufurahi hivyo, hata nilipobatizwa.

Ndege kwelea waliokuwa kwenye mpunga waliruka wote kwa mpigo, wingu zima, wakaelekea milimani. Mama mmoja aliyekuwa analinda shamba kwa kombeo na debe bovu alinisimamisha. Nikadhani nimemkosea. Alitaka kujua nitapita tena saa ngapi. Akasema nikija asubuhi na jioni mpaka wakivuna, atanipa gunia la mpunga.

Nimekataa kwa upole. Hii sauti ina kazi yake.

Jumapili, 15 Desemba

Kimenuka.

Nilipanda Mwika baada ya ibada. Kweli mlimani gari halikuwa na furaha. Ikabidi niliungurumishe, yaani nikanyage mafuta mpaka mwisho huku nimeshika klachi nusu.  Harufu ya klachi ilitangulia mbele yangu. Lakini darajani nikaangalia saa, na nikajua Mzee Yoramu ananisikia. Sharti limetimia!

Nilifika getini kwake nikaliacha kwenye sailensa, ili alionje vizuri. Dakika moja hivi. Labda mbili. Nikawa najifuta jasho na kutabasamu.

Ndipo nikaona kitu cheupe na cheusi kinapita juu ya uzio wa banda. Ng'ombe. Sikujua kwamba ng'ombe anaruka. Alipita katikati ya kahawa, akachukua kamba yenye nguo za Jumapili, akashuka bondeni na gauni la Magreth shingoni. Walimkuta saa kumi nyumbani kwa mchungaji, amekula kabichi zote.

Mzee Yoramu alikuja getini akiwa na ndoo tupu. Nilimpa shikamoo. Hakuitikia. Kwetu huku shikamoo isipoitikiwa ni kama umekufa. Alisema nisilione tena geti lake, mimi na hicho kitu changu.

Nilitaka kumkumbusha kwamba sharti lilikuwa lake. Nikaona ndoo ile, nikala kona.

Jumanne, 17 Desemba

Magreth amekuja kibandani kwangu sokoni. Nilipomwona nikaangusha mapazia. Aliyakunja yeye, pembe kwa pembe.

Akaniambia ng'ombe amekataa kutoa maziwa siku ya pili. Akaniambia pia Godwin anakuja Krismasi, na watu wa kwao wametuma neno kwamba Jumamosi tarehe 28 watafika kwa Mzee Yoramu na jambo. Jambo gani hawakusema.  Watu wanafika kwa mzee mwenye binti na jambo. Jambo gani lingine lipo duniani?

Nikamwambia kwa hiyo lazima mimi nifike kabla ya tarehe 28. Akasema ndiyo, na njia ipo, nyepesi. Nimchukue mzee mmoja wa ukoo, nibebe isale, nimpelekee baba yake. Isale ni lile jani refu la kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba yetu ya migomba. Kwetu aliyekosa akilipeleka, aliyekosewa hawezi kukataa kusamehe. Hata kama ni ng'ombe. Hata kama ni damu.

Nilicheka. Mimi? Nishike jani, nisimame getini kwa mtu kama nimeiba? Mtu mwenye kamshafti ya tatu? Nikamwambia baba yake atazoea sauti, na siku moja ataipenda. Ni suala la kumzoesha.

 Magreth akasema: "Elifuraha, mimi sihitaji kukusikia ukija. Nahitaji ufike."

Maneno mazuri sana. Nimeyaandika ili nimsomee siku ya harusi. Sijui alikuwa na maana gani.

Jumapili, 22 Desemba

Godwin ameingia. Gari la Dubai, jeupe, madirisha yanapanda yenyewe. Nilikuwa naongea na mtu njiani, nikageuka, nikakuta lipo nyuma ya makalio yangu. Halikutoa hata chafya! Gari la namna hiyo ni hatari. Mwizi huja hivyo.

Aliteremsha kioo akanisalimia kwa uzuri. Akasema amesikia habari za gari langu tangu Same. Nikamuuliza kama ni kweli amesikia habari au amesikia gari. Alicheka. Nami nilicheka, kwa sauti zaidi.

Kanisani wanawake walilisifu gari lake, eti huwezi kujua kama limewaka. Hiyo nayo ni sifa? Hata kaburi huwezi kujua.

Nimekwenda kwa Basili angalau arekebishe kidogo, gari lipate nguvu ya mlima. Amefunga. Amekwenda kwao Kibosho mpaka mwaka mpya. Juu ya mlango, mapazia yangu.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Sikupanda mlimani. Nimekula machalari ya ndizi na nyama kwa Mama Dominika, ambaye amenisamehe kwa sababu ya siku yenyewe.

Mpango wa kesho umekamilika. Nakwenda na baba mdogo Thadeus kama mshenga. Anaongea vizuri na anaheshimika, na ana kilo mia moja na kumi. Tutabeba mkungu wa ndizi, na debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, ambalo mzee wa kanisa hatalinywa mbele ya watu. Tutafika tukisikika tangu darajani kwa ukamilifu, na mzee ataelewa kwamba mtu anayekuja hivyo hana cha kuficha. Tutawawahi Godwin na watu wake kwa siku mbili.

Baba mdogo aliuliza kwa nini tusipande basi mpaka kituoni, kisha tutembee. Nilimwambia posa haitembei kwa miguu.

Alhamisi, 26 Desemba

Leo nina furaha. Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tatu tulitoka Pasua. Tambarare tulikwenda kwa raha. Baba mdogo alishika debe mapajani na kuimba pambio. Mlima ulipoanza, gari likaanza kulalamika. Kila nikipunguza mwendo kwa ajili ya kona, injini inakata pumzi. Mag... Mag... kisha kimya. Tulizima mara nne kabla ya daraja. Watu waliotoka ibadani walitupita kwa miguu. Walitusalimia kwa heshima, wakapotea mbele.

Mlima wa mwisho, ule wa kwa Mzee Yoramu, gia ya kwanza ikakataa kabisa. Tukarudi nyuma mita kumi. Tukajaribu. Tukarudi ishirini. Mbege ilianza kumwagika kwenye suruali ya baba mdogo.

Ndipo nikakumbuka kwamba gia ya nyuma ina nguvu kuliko zote. Akili! Nikageuza gari, nikaweka rivasi, tukaupanda mlima kinyumenyume. Limeunguruma, limepiga baruti, na limepanda. Baba mdogo alikuwa anaaga watu tuliokuwa hatujawafikia. Mimi nilikuwa nimepinda shingo kama bata, natazama nyuma, na moyo umejaa. Nikaona geti. Nikakanyaga breki kwa miguu miwili, kama alivyosema Basili. Gari likasimama mbele kabisa ya geti, likasema gu-du mara moja, likafa.

Kimya. Hata ndege hawakulia.

Likaanza kuteremka lenyewe. Nikamwambia baba mdogo akanyage chochote, nikaruka nje, nikapata jiwe, nikapiga magoti kwenye matope nikaliweka chini ya tairi. Halafu nikakumbuka Godwin. Gari lake halisikiki! Akikata kona ile ataingia ndani ya buti letu, sijui mbele yetu, kabla hatujamjua. Gari likiharibika unaweka majani barabarani, kila dereva anajua. Nikavunja nilichokifikia kwenye uzio, mafungu mawili. Fungu moja nikalitupa upande wa chini, jingine likadondoka mlangoni mwa geti. Nikarudi magotini kulisukuma jiwe.

Geti likafunguliwa. Nikaona viatu vya Mzee Yoramu. Havikusogea.

Nikainua macho. Mzee alikuwa amevua kofia. Anayatazama majani. Nikayatazama na mimi. Yeleuwi! Masale. Uzio wote ule ni masale. Nilikuwa nimevunja majani ya isale karibu thelathini, nimeyalaza mbele ya geti lake, na nimepiga magoti.

Nilifungua mdomo nieleze kwamba ni alama ya barabarani. Baba mdogo Thadeus akanikanyaga vidole. Alikuwa ameshuka, suruali imelowa mbege, amenyooka kama mnara. Akasema kwa sauti ya taratibu kwamba mtoto amekosa, na ameliona kosa lake.

 Mzee Yoramu akaliangalia gari, lililokuja na mgongo. Akamwambia mke wake aliyekuwa nyuma yake: "Umeona? Amepanda mlima wote kinyumenyume. Ameona aibu kunionyesha uso."

Mama akatoa machozi. Mzee akaokota jani moja, akaliweka mfukoni. Akasema watu huleta jani moja, na hajawahi kuletewa uzio mzima. Akasema pia kwamba alipokuwa ndani alilisikia lile dude tangu darajani, na kwa mara ya kwanza alielewa linasema nini. Linasema nisamehe, nisamehe.

Nikampa shikamoo kutoka matopeni. Akaitikia marahaba.

Niliingia. Tulikaa. Baba mdogo aliongea saa nzima na sikusikia hata neno moja, nilikuwa namwangalia Magreth akileta mtori. Alikuwa anang'ata mdomo wa chini. Alijua. Anajua uzio wa kwao. Aliponipa bakuli alikuwa anatetemeka mabega, na alirudi jikoni haraka, nikasikia kitu kama kicheko kikizibwa na kanga. Mzee akaulizwa. Mzee akamwita binti. Binti akaulizwa. Binti akasema anakubali.

Anakubali! Naandika mara ya pili ili nione linavyokaa. Anakubali.

Tulipotoka tukakuta gari jeupe limesimama kwenye fungu la chini la masale. Hatukulisikia, bila shaka. Godwin alikuwa ameketi juu ya buti lake, ameshika bahasha. Alikuja mwenyewe kwanza, kabla ya watu wa kwao. Anaoa Februari, binti wa Dar, na Jumamosi wazee wake wanakuja kumwomba Mzee Yoramu awe msimamizi wa familia kwenye harusi hiyo. Ndiyo jambo lenyewe. Nami alinipa kadi. Jina langu limeandikwa vizuri.

Nimemshinda Godwin.

Ijumaa, 27 Desemba

Tulilishusha gari mpaka mjini bila kuwasha. Lilikuwa kimya sana. Baba mdogo alisema hivyo ndivyo gari linavyopaswa kuwa. Hajalala vizuri, nadhani.

Magreth ametuma neno. Hatasema chochote kuhusu masale, mpaka kaburini. Ana ombi moja tu. Kabla ya harusi nirudishe kamshafti ya zamani. Nimeapa. Nimeapa kwa maandishi, nikatia sahihi.

Alhamisi, 2 Januari 1997

Basili amerudi. Nilikwenda mapema nitimize kiapo. Alifurahi sana. Alikuwa ameitunza ile ya zamani kwenye gazeti, imepakwa mafuta, kama aliyejua.

Lakini usiku kucha nilikuwa nimefikiri, na mimi nikifikiri nafikiri kwa mpangilio. Kwa nini nilisamehewa? Kwa sababu ya masale. Kwa nini nilivunja masale? Kwa sababu gari lilizima. Kwa nini lilizima? Kamshafti. Na kwa nini nilifika kinyumenyume, jambo lililomliza mama mkwe? Kamshafti. Mtu mwingine angepanda na gari lenye nguvu, akafika na uso wake, akafukuzwa. Kamshafti ndiyo iliyoniposea mke. Sasa niitupe? Huo si utu.

Tena harusi ni Aprili, kwenye masika, barabara ina utelezi. Msafara utapanda Mwika na magari kumi. La bwana harusi ndilo lisisikike?

Nilipokuwa namweleza Basili hayo, macho yangu yakaenda nyuma ya mlango. Kuna msumari wa nne. Kitu kimefungwa kwenye gunia, na juu ya gunia amekiwekea kufuli. Nikauliza ni nini. Akasema si kitu. Nikauliza tena. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hiyo haina sailensa kabisa, gari likisimama ni lazima ulikanyage au lizime, na aliyekuwa nayo mwisho alihama mkoa.

Akaniuliza kama nimesahau mlima. Akaniuliza kuhusu breki. Akaniuliza kuhusu kiapo. Maneno mengi! Mimi nilikuwa na swali moja tu. Nilimuuliza kama inasikika vibaya kuliko ile ya tatu.

Basili akakaa chini kwenye ndoo.

Nimemwachia mapazia ya sebule, ya kijani, yenye pindo la dhahabu. Ataifunga wiki ijayo. Magreth hatajua.